Jumatatu Nampigia Nani?

Mama mmoja alisubiri mpaka projekta ilipozimwa, mwisho wa Siku yetu ya Uhuru wa Programu.

Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Vijana wetu wanakunja bango, wengine wamezunguka sinia la sambusa zilizobaki, na mgeni rasmi alishaondoka zamani. Mama akaja mbele na laptopu yake kwapani, EliteBook ya mtumba iliyochubuka rangi pembeni, akaiweka kwenye meza niliyokuwa nakusanyia nyaya. Ana steshenari Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Anachapa, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Tangu asubuhi alikuwa amekaa safu ya pili na daftari mapajani.

"Mwanangu, nimewaelewa," akasema. "Mmesema vizuri. Basi niwekeeni hiyo Linux yenu, hata leo. Ila Jumatatu ikinigomea, na wateja wamejaa mlangoni, nampigia nani?"

Kabla sijajibu mwenzangu akadakia: "Mama, kuna jumuiya kubwa sana duniani. Ukiuliza tu, wanakujibu."

Mama akamwangalia kwa upole.

"Wanapokea simu?"

Tulicheka wote, naye akacheka. Kisha akafunga laptopu yake akaondoka nayo ikiwa vilevile ilivyokuja.

Kicheko kiliisha, swali halikuisha. Limenikaa wiki hizi zote, na ndilo limenifanya niandike.

Itifaki imezingatiwa

Wanaosoma hapa wengi wameshakaa kwenye Siku ya Uhuru wa Programu angalau mara moja, kwa hiyo naieleza kwa ufupi: ni siku ya kutangaza programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, kama Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ipo tangu 2004, na kwa miaka mingi sasa inaangukia Jumamosi ya tatu ya Septemba. Popote inapofanyika wanaoiandaa ni watu wa kujitolea: walimu, wanafunzi wa vyuo, watu wa TEHAMA wa halmashauri, mtu mmoja wa benki ambaye hataki bosi wake ajue.

Ya kwetu ina sura yake. Saa tatu ya kwenye bango ni saa nne na nusu, kwa sababu mgeni rasmi ana ratiba nyingine. Akifika anatambulishwa, anawatambulisha aliofuatana nao, itifaki inazingatiwa, kisha anasoma hotuba ambayo mmoja wetu alimwandikia jana yake usiku. Kuna simu za mapema za kuuliza kama posho ipo, na ukijibu haipo unasikia kimya upande wa pili. Kuna vyeti vya ushiriki. Siwacheki wanaovitaka, kijana anayetafuta kazi anahitaji kila karatasi yenye mhuri.

Halafu inakuja mada kuu. Uhuru wa aina nne, unaohesabiwa kuanzia sifuri, kama alivyoupanga Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala, kugawa nakala ulizozibadilisha wewe. Na lazima mtoa mada atafika pale pa "ndugu zangu, Linux mnayo tayari mfukoni, iko kwenye simu zenu."

Sentensi hiyo naisikia kila mwaka, na sijaona mtu aliyebadilika kwa ajili yake. Ni kweli Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Lakini mtu aliyenunua simu akakuta imejaa programu ambazo hawezi kuzifuta, kiini hicho hakijamwachia uhuru wowote anaouhisi.

Jioni tunahesabu waliosaini karatasi ya mahudhurio, tunapiga picha ya pamoja, tunaituma. Ni harusi nzuri, ila hakuna anayehamia kwa mwenzake.

Vilivyokuja na bahasha

Nimekuwa nikijiuliza hili ni tatizo letu la Tanga tu, au la mambo haya kwa ujumla. Nikakumbuka bahasha.

Wa umri wangu mtazikumbuka. Ulikuwa unajaza fomu kwenye tovuti ya Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, unaandika S.L.P. yako, unasahau. Baada ya wiki kadhaa unakwenda posta kufungua sanduku na kukuta bahasha yenye CD, imelipiwa kila kitu na Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth. Mpango ule uliitwa ShipIt na ulisitishwa Aprili 2011. Nilikuwa naagiza zaidi ya nakala moja ili nigawe. Niligawa chuoni, nikagawa kwa majirani, nikampa na mwalimu wangu wa hesabu. Miaka iliyofuata nilikuwa nazikuta: zimetundikwa shambani kutishia ndege, zimewekwa chini ya kikombe cha chai, moja ilining'inia kwenye kioo cha daladala ikimetameta vizuri sana.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Jambo OpenOffice. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili: menyu, vitufe, maonyo, vyote. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Watu walikaa wakavitafutia majina vitu ambavyo havikuwa na majina. Lakini mimi, katika steshenari zote ninazozifahamu mjini hapa, sijawahi kuikuta hata moja imewashwa.

Sasa tazama upande wa pili. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ni programu huria, na Kenya iliufikisha nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011. Tanzania nasi tunao. Muuguzi anayejaza ripoti ya mwezi hajawahi kuhudhuria hata semina moja ya uhuru wa programu. OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na haikusubiri maadhimisho yoyote. Ramani Huria iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 ilitoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakatembea kwenye maeneo yanayofurika, wakachora njia, nyumba na mitaro, na michoro hiyo ikabaki wazi kwa kila mtu kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia.

Unaweza kusema hizo zilikuwa na fedha za wafadhili, na ni kweli. Lakini fedha zile zililipia kitu gani? Sehemu kubwa ililipia watu. Mtu wa wilaya akikwama na ripoti, yupo mwenye kazi ya kumkwamua.

Mama wa Ngamiani alikuwa anauliza hilo hilo.

Hoja iliyotoka mbali

Mwaka 2025 tulijiona tuna hoja nzito kuliko miaka yote. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 inafika mwisho: hakuna tena masasisho ya bure ya usalama, ila kwa wanaojiandikisha kuongezewa mwaka mmoja. Windows 11 nayo inachagua mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. EliteBook, Latitude na ThinkPad za mtumba tunazonunua huku nyingi ni za kizazi cha 3, cha 4, cha 6. Watu wa KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, na wenzao wakaanzisha kampeni ya End of 10: usiitupe kompyuta yako, weka Linux, nenda kwenye kituo cha matengenezo kilicho karibu nawe.

Tuliichukua hoja hiyo kama ilivyo. Tukaandika kwenye bango: kompyuta yako inakufa Oktoba.

Oktoba ikafika. Hakuna kilichokufa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hoja ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Mjerumani anayenunua kompyuta na leseni yake, anayeacha masasisho yajiweke usiku kupitia intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa, akiambiwa masasisho yamekwisha anapata wasiwasi wa kweli. Mtu wa Ngamiani amezima masasisho siku ile ile alipopigiwa Windows, kwa sababu yanakula bando. Leseni hana na hajawahi kuiona. Ukimtisha kwamba atakosa kitu alichokizima mwenyewe, anakuitikia kwa adabu tu.

Na bei pia haimgusi. Tunasimama mbele ya watu na kuwaambia programu zetu hazilipiwi, wakati kwao Windows, Office na Photoshop vyote havilipiwi. Wanachokilipia ni mkono wa fundi: elfu kumi, kumi na tano, kutegemea mnavyojuana.

Fundi

Nilikwenda dukani kwa mama baada ya siku kadhaa, na flashi yenye Linux Mint, toleo jingine la Linux, mfukoni, nikiwa na nia ya kumwonyesha tu bila kugusa chochote kwenye diski yake. Nilimkuta ana mgeni. Kijana amepiga magoti chini ya meza anahangaika na soketi ya umeme, baiskeli yake imeegemezwa mlangoni.

"Huyu ndiye ninayempigia Jumatatu," mama akasema. "Na Jumanne."

Nikajitambulisha. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akatoa salamu, akaniuliza kwa nini flashi yangu ina mfumo mmoja tu. Yake ina zaidi ya kumi. Akaichomeka akanionyesha: Ventoy, programu ya kubebea mifumo mingi kwenye flashi moja, na ndani yake Windows za kila aina, na katikati ya hizo nikaona Ubuntu.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

"Hiyo ya uokozi, kaka. Mashine ikigoma kabisa kuwaka, nawasha na hiyo, natoa vitu vya mtu kwanza. Picha za harusi, tasnifu. Windows baadaye."

Tuliongea mpaka mama akatuletea chai. Mtu akija na flashi aliyoiformati kwa bahati mbaya, fundi anatumia PhotoRec. Diski iliyopoteza sehemu zake, TestDisk. Kuandika mfumo kwenye flashi moja moja, Rufus. Faili zilizobanwa, 7-Zip. Video yoyote inayokataa, VLC. Zote hizo ni programu huria. Mtu anayekula kwa programu huria kila siku ya Mungu, mita chache kutoka ukumbi wetu, na jina lake halikuwahi kuingia kwenye orodha ya waalikwa. Tulialika wakuu wa shule. Tulialika benki.

Nikamuuliza kuhusu Windows 10 na mwisho wake. Akacheka. Rufus ina kisanduku cha kuweka tiki: ukikiweka, Windows 11 haiulizi tena habari za TPM. Kila anayetaka 11 kwenye mashine ya zamani, fundi anamwekea kwa njia hiyo.

Nilibaki nikimtazama. Kampeni nzima ya kuhamisha watu kwenda programu huria, na kilichoiangusha mtaani kwetu ni programu huria. Uhuru namba sifuri unasema kusudi lolote. Na hilo nalo ni kusudi.

Naruhusiwa kuchaji?

Nilikuwa na shaka moja, nikamwambia wazi. Anayepigiwa Windows anarudi baada ya miezi michache: virusi, mashine nzito, programu imejifunga. Kila kurudi ni hela. Sasa mimi nakuja na mfumo usioshika virusi vile kirahisi. Si namharibia?

Hakukasirika. Alisema wanaorudi wanarudi na kelele, wanataka wafanyiwe bure kwa sababu "uliniwekea juzi tu". Hela yake ya kweli, alisema, iko kwenye kubadilisha diski za zamani kuweka SSD, na kuongeza RAM.

Kisha akauliza swali lililonishika zaidi kuliko la mama.

"Hivi hii Linux, nikimwekea mtu, naruhusiwa kumchaji?"

Nikamwambia ndiyo, kwani nani amekwambia hapana? Akasema aliwahi kusoma tangazo letu limebandikwa ukutani, limeandikwa BURE kwa herufi kubwa, akajua basi ni vitu vya msaada, ukikamatwa unauza ni kosa.

Nikamweleza. Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu huria nyingi, haikatazi kuuza, wala haijawahi kukataza. Stallman mwenyewe mwaka 1985 alikuwa akiuza tepu za Emacs, programu yake ya kuandikia matini, kwa dola 150 kila moja, na hizo ndizo zilizomsaidia kuishi baada ya kuacha kazi chuo cha MIT. Unaweza kuandika kibao nje: Tunaweka Linux, bei kadhaa. Unaweza kutoa risiti. Unaweza kunakili flashi mia na kuziuza zote sokoni Mgandini mchana kweupe.

Kwenye risiti akanikatisha. Zipo ofisi zinazotaka risiti yenye maelezo ya kazi, na yeye huwa anaandika "matengenezo ya kompyuta", kwa sababu hawezi kuandika amepiga Windows isiyo na leseni. Shule fulani ilimnyima kazi ya maabara nzima kwa sababu mkaguzi angeuliza leseni ziko wapi.

Miaka yote nimesikia uhuru namba mbili, wa kugawa nakala, ukielezwa kama ukarimu: unampa jirani yako. Sikuwahi kusikia ukielezwa kama kibao cha biashara. Kwa fundi huyu, nadhani, ndio uhuru pekee kati ya ile minne uliomgusa moja kwa moja, na sisi ndio tulioufunika kwa neno tulilolichapa kubwa kwenye tangazo.

Flashi za wateja

Turudi kwa mama, maana hadithi yake haikwenda nilivyopanga.

Tuliwasha EliteBook yake kwa flashi. Mint ikaja, intaneti ikakubali, mama akafurahi. Nikamwambia achomeke flashi yoyote ya mteja. Kila mwenye steshenari anaujua ule ugonjwa: flashi inafunguka, folda zote zimegeuka shotikati, faili za mtu hazionekani. Mama alichomeka moja iliyokuwa imeachwa na mwanafunzi wa chuo aliyekwenda kutafuta msaada kwingine. Kwenye Mint zile shotikati zikaonekana kama takataka zilivyo, na folda lililofichwa likaonekana pembeni, kamili. Kirusi kile kimeandikiwa Windows. Huku hakina pa kukimbilia, na alama ya "fichwa" kilichoibandika kwenye faili hairogi mtu.

"Ziko humu!" Mama aliita jirani. Yule jirani naye akaja na flashi yake.

Hapo ningeweza kuishia na kupiga picha. Lakini tukaendelea na kazi za kawaida, na zikaanza kutuonyesha rangi. Tasnifu ya mteja iliyoandikwa kwa Calibri ilipofunguliwa kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, kurasa zikasogea, na jedwali la yaliyomo likadanganya. Fonti ya Carlito ina vipimo sawa na Calibri, na ilipoingia mambo mengi yakakaa sawa, ila majedwali mawili yalibaki yamechanika. Mwalimu anayesimamia tasnifu hana habari na vipimo vya fonti. Printa yake ndogo ya leza ilitaka kipande cha draiva ambacho si huria, lazima kipakuliwe. Nikakipakua kwa bando langu huku nikijua fika nilichosema jukwaani. Na picha za pasipoti ndizo zilizomaliza mjadala: mama ana mtiririko wake wa Photoshop, anabonyeza kitufe kimoja picha nane zinajipanga kwenye karatasi. GIMP, programu huria ya picha, haisomi mitiririko hiyo. Ningeweza kumwandikia programu ndogo inayofanya kazi ileile. Na siku ikigoma, nampigia nani?

Fundi alikuwa anatazama tu. Mwishowe akasema:

"Msiiguse hii inayomlisha. Ile iliyolala chini ya meza ndiyo muipe."

Chini ya meza kulikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, RAM ya GB 2, iliyotumika kama kiti cha maboksi ya karatasi. Akaitoa, akaipuliza vumbi, akaiwekea mfumo mwepesi. Sasa iko kaunta. Kila flashi inayoingia inapita hapo kwanza: inafunguliwa, inasafishwa, kinachotakiwa kuchapwa kinageuzwa PDF kama kimekaa sawa, au kinapelekwa kwenye EliteBook kama hakikukaa. EliteBook bado ina Windows, haina leseni, na bado inapiga pasipoti kama kawaida. Mama amebandika karatasi dukani: HAPA HATUKUPI VIRUSI. Jirani yake, mwenye steshenari ya pili kutoka pale, ameshamuuliza fundi na yeye anawekewa lini. Fundi amemtajia bei.

Je, huo ni ushindi? Kuna wenzangu kwenye grupu walisema siyo, kwamba nimeiacha mashine kuu kwenye minyororo na kuupa uhuru mzee wa chini ya meza. Maneno yao yana uzito. Mama hajasoma msimbo hata mstari mmoja wala hana mpango huo. Akiambiwa kesho kuna programu isiyo huria inayosafisha flashi vizuri zaidi, sijui kama atasita.

Lakini nikilinganisha na CD zangu zilizotishia ndege, mashine ile inawashwa kila asubuhi. Na ikigoma, namba ya kupiga ipo.

Hela ya nani

Kwa hiyo nimependekeza kwenye kamati kwamba mwaka ujao tusiwe na mgeni rasmi. Tuwe na meza za mafundi, kila fundi na kibao chake na bei zake, sisi tukae nyuma yao: tuwape mifumo iliyokwisha kupakuliwa wasiteketeze bando, tuwafundishe yale ambayo hawayajui, watufundishe tusiyoyajua, na anayekuja na mashine aondoke na namba ya mtu anayeishi mtaani kwake. Na mafundi tuwalipe, kwa sababu siku hiyo watakuwa wamefunga vibanda.

Hilo la malipo ndilo lililowasha moto.

Mmoja aliandika, kwa herufi kubwa, kwamba roho ya siku hii ni kujitolea. Tukimlipa fundi leo, kesho mpanga viti naye atadai, na keshokutwa tutakuwa semina kama semina nyingine, watu wanakuja kusaini na kula. Namwelewa. Posho imeua mambo mengi mazuri nchi hii. Mwingine akauliza tunawezaje kumlipa mtu ambaye keshoye atarudi kupiga Windows bandia kwa flashi ileile tuliyomjazia sisi.

Jibu langu ni kwamba sisi tunaojitolea tuna mishahara mahali pengine. Jumamosi yangu inalipwa na mwajiri wangu, tena akiwa hajui. Fundi akifunga kibanda hakuna anayemlipa. Kumwita aje kutoa ujuzi wake bila malipo, halafu kumlipia mgeni rasmi mafuta ya gari, ni jambo ambalo sioni tunalitetea vipi. Na kuhusu Windows bandia, ndiyo, atarudi kuipiga. Atakuwa pia na kibao kinachosema kitu kingine, na mteja atachagua. Kwa sasa mteja hana la kuchagua.

Mweka hazina, ambaye huwa haandiki kitu kwenye grupu, aliandika kwamba hela ya fulana peke yake inatosha kuwalipa mafundi. Baada ya hapo kukawa kimya mpaka asubuhi. Fulana tunazipenda.

Nilidhani kazi imebaki kuwashawishi wenzangu tu. Nikampigia fundi kumuuliza kama atakuja na wenzake. Akasema malipo sawa, ila siku siyo.

"Jumamosi ndiyo siku yangu, kaka. Watu wametoka kazini mchana, wanaleta mashine zao. Nikifunga Jumamosi, hata mnilipe, mteja ameshakwenda kwa mwingine na harudi. Fanyeni Jumapili."

Dunia nzima inaadhimisha Jumamosi. Tukihamia Jumapili hatutakuwa pamoja na wengine siku ile, na katibu anasema picha zetu zitaonekana za kuchelewa. Wakristo kwenye kamati wanauliza kuhusu ibada. Nimejibu tuanze saa nane mchana, kila mtu ameshatoka na ameshakula, na kwa walioswali adhuhuri pia hakuna tatizo. Wengine hawajajibu. Wiki hii lazima tumwandikie mwenye ukumbi kuomba nafasi, na barua inahitaji tarehe. Nimeiandika rasimu mimi, nimeweka Jumapili.